Diski Tupu

"Kaka, njoo uone! Hii deki imemeza diski, na kutapika haitaki!"

Sauti hiyo ilikuwa ya Kanae Morishige, na nusu ya watu waliokuwa dukani kwa Mzee Tokunaga waligeuka. Jumamosi, Nipponbashi, mtaa wa maduka ya umeme wa Osaka, imefurika, njia nzima ni miavuli na mifuko ya plastiki, na huyu dada amekumbatia deki ya dividii kifuani, waya wake unaburuza chini. Alivaa koti la kijani lililojaa vipande vya nywele za watu kwenye ukosi, kwa maana alikuwa kinyozi na alitoroka saluni kati ya mteja na mteja. Miguuni, mabuti ya mvua ya manjano.

Muuzaji aliyemkimbilia aliitwa Shuhei Iwatani. Mrefu, mwembamba, kizibao chekundu cha duka, na tai yenye picha za pweza ambayo Mzee Tokunaga alishamwambia aitupe.

"Umeilisha nini?" aliuliza Shuhei, uso mkavu kama daktari.

"Filamu ya kukodi. Leo ndiyo siku ya kurudisha."

"Ahaa. Kwa hiyo imekula chakula cha watu. Mgonjwa ana umri gani?"

"Nimeikuta kwenye chumba changu juu ya saluni nilipoajiriwa. Ya kizamani."

"Basi tuinamishe vichwa tuwaombee wanaobaki."

"Unaomba nini wewe, chomoa diski!"

Watu wakacheka. Osaka ndivyo ilivyo: mmoja akitoa upuuzi, mwenzake hana budi kumkatiza papo hapo, na asiyejua kukatiza huonekana mgonjwa. Kanae alikatiza vizuri, kwa wakati wake hasa, na Shuhei akamtazama mara ya pili.

Alinyoosha pini ya karatasi, akaichomeka kwenye kitundu kidogo mbele ya deki, akasukuma. Trei ya diski ikatoka nje taratibu. Diski ilikuwa na alama za vidole na kitu cha njano.

"Kari," Kanae alisema kwa aibu.

"Tazama nikufundishe. Kitambaa laini, unafuta kutoka katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja. Ukizungusha unaichora. Ikikwama tena, kwanza jaribu diski nyingine. Nyingine ikicheza, ubaya uko kwenye diski. Zote zikigoma, ubaya uko kwenye lenzi, iweke ile diski ya kusafishia. Bado? Chomoa umeme, kunywa chai, rudisha."

"Na hii yangu?"

Shuhei aliwasha, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hii hata ukinywa birika zima. Mota imekwisha. Unahitaji nyingine, dada."

Walizunguka rafu kwa rafu. Shuhei alimuuliza televisheni yake ina matundu mangapi nyuma, na kama anataka kutazama tu au kurekodi pia. Kanae alisema vipindi anavyovipenda vyote huonyeshwa akiwa na mkasi mkononi.

"Basi chukua hii. Inarekodi, vitufe vyake vikubwa. Ninayo hii hii nyumbani. Nikikurekodia kitu kwenye yangu, yako itakisoma bila maneno mengi. Ni pacha."

"Na nani kakuambia nataka unirekodie kitu?"

"Hakuna. Nimejitolea."

Jioni yake Shuhei akapiga simu. "Halo, duka la Tokunaga hapa. Deki imelalaje?"

"Imekula, imeoga, inauliza habari zako."

"Iambie na mimi silali."

"We! Mteja wa kwanza mnampigia hivi, au wote?"

"Wote. Ila kwa wengine huwa nakata wakipokea."

Ndivyo yalivyoanza. Vinyozi wa Osaka hupumzika Jumatatu na Shuhei alipumzika Jumatano, kwa hiyo walikuwa watu wa jioni, viti virefu vya vibanda vya Shinsekai, mishikaki ya kukaanga, bia moja wakigawana. Kila wiki Shuhei alimletea diski ya vichekesho alivyomrekodia, na Kanae alimnyoa bure, akimpiga kichwani kwa kitana kila alipocheka akatikisika. "Kinyozi wangu," alimwita. "Pweza wangu," Kanae alimjibu. Alimpenda, tena alimpenda kwelikweli, kiasi cha kuogopa.

Mwezi wa tano mama yake Kanae alikuja kutoka Wakayama kumtembelea. Mama huyu alikuwa na maradhi ya besiboli. Aliona deki, akaona vile vitufe vikubwa ambavyo macho yake yaliviona bila miwani, akaishika rimoti na hakuiachia tena. Siku ya kuondoka alikuwa bado ameishika.

"Mama, chukua tu," Kanae alisema.

"Hapana mwanangu, si kijana wako amekuchagulia?"

"Chukua."

Kanae akanunua ya bei rahisi, ya kutazama tu, kwenye duka la vyakula, iliyokuwa imepangwa karibu na masufuria. Hakumwambia Shuhei. Alifikiri ataumia, mtu amezunguka rafu zote zile kumchagulia, halafu yeye aitoe kama mkate. Wala Shuhei hangeweza kuiona, maana Kanae alipanga chumba juu ya saluni na mwenye saluni hakutaka kukuta kiatu cha mwanamume mlangoni. Diski za kila wiki zilicheza vizuri kwenye ile deki rahisi. Basi akanyamaza, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyokuwa vigumu kusema.

Mwezi wa kumi na moja mke wa Mzee Tokunaga alikuja saluni kutia rangi, na akiwa na kichwa kwenye beseni akasema, "Nasikia shangazi yake Shuhei kule Toyama amemtafutia nyumba ya kuoa."

Mikono ya Kanae ilisimama kwenye povu.

Jioni walikutana kwenye mkahawa wa chapati za kabichi, mvuke unawapiga usoni, Kanae amevaa gauni la buluu alilolinunua kwa ajili ya siku nyingine kabisa.

"Ni kweli ya Toyama?"

Shuhei aligeuza chapati. "Wanataka kunipima kwanza. Nikizidi kilo, wananirudisha kwa posta."

"Shuhei."

"Wameuliza kama ninakuja na waranti."

"Shuhei, nakuuliza kitu cha maana! Mwaka mzima nacheka. Nimechoka kucheka. Siku moja tu, mara moja tu, sema kitu cha kweli. Nijibu nijue nasimama wapi."

Alifungua kinywa. Kanae aliona kabisa mzaha mwingine ukija, na aliona akijaribu kuuzuia, na kitu kingine hakikutoka badala yake. Akasimama, akachukua koti.

"Ukinijibu upuuzi tena, sikusemeshi maisha."

"Nitakujibu," alisema Shuhei, kichwa chini. "Nipe siku chache. Nitakujibu sawasawa."

Jumatano iliyofuata aliingia saluni mchana. Kanae alikuwa na wembe shingoni mwa mteja. Shuhei alivaa shati jeupe, bila tai, akaweka diski juu ya taulo.

"Yote niliyo nayo ya kukuambia yamo humu," alisema, akainama kwa heshima kama mtu aliyekuja msibani, akatoka. Hakutania hata neno. Kanae alipitisha wembe mahali palepale mpaka mteja akamuuliza kama yuko salama.

Alimaliza kazi, akapanda ngazi mbiombio, hakuvua hata aproni. Akaiweka diski kwenye deki. Ikazunguka, ikakohoa, ikasimama. Kioo kikaandika: diski tupu.

Akaitoa. Akaifuta kutoka katikati kwenda ukingoni, kama alivyofundishwa. Akarudisha. Tupu. Akaweka diski ya vichekesho ya wiki iliyopita: ikacheza vizuri, watu wakicheka kwa sauti chumbani. Akapitisha diski ya kusafishia lenzi. Akachomoa umeme, akachemsha chai, akainywa ikimuunguza, akarudisha. Tupu. Asubuhi, kabla ya kufungua mlango, akashuka akaijaribu kwenye deki ya wateja pale saluni. Tupu.

Deki mbili, jibu moja. Diski nyingine zote zinacheza, kwa hiyo ubaya uko kwenye diski, na diski haina kitu.

Yote niliyo nayo ya kukuambia yamo humu.

Sasa wewe msomaji utasema, si ampigie tu amuulize? Ungekuwa wa kwingine ungepiga. Kanae alikuwa ameshakuwa mtu wa Osaka, na mtu wa Osaka aliona kitu kimoja tu: upuuzi mkubwa kuliko wote aliowahi kutoa Shuhei, umetengenezwa kwa ustadi, na shati jeupe na kuinama vikiwa sehemu yake, na huko aliko sasa ameketi anangoja akatizwe. Anangoja simu ilie, asikie "Mjinga wewe, haina kitu!", wacheke, mambo yaishe na swali lifie hapo hapo.

"Simpi," Kanae alisema peke yake chumbani. "Safari hii simkatizi. Na angoje."

Akaketi sakafuni akalia, kilio cha mtu aliyedharauliwa. Simu ilikuwa magotini. Haikulia, naye hakuigusa.

Jumapili, kituo cha Osaka, Shuhei alisimama kando ya treni ya mchana ya Toyama. Alivaa suti ya buluu, akashika masanduku mawili ya chakula, moja la samaki mkunga kwa sababu Kanae alipenda mkunga. Kila mwanamke mwenye koti la kijani alimrusha moyo. Kengele ikalia. Alikuwa ameahidi kutobembeleza, na hakubembeleza. Alipanda, akakaa, masanduku yote mawili mapajani, na mpaka bahari ya kaskazini ilipoonekana dirishani hakuwa amelegeza kamba ya hata moja.

Kanae alivumilia wiki nzima. Kisha hasira ikamshinda, akaenda dukani amtukane ana kwa ana. Alimkuta Mzee Tokunaga peke yake.

"Shuhei? Ameacha kazi, amekwenda Toyama kuoa. Hakukuambia?"

"Aliniambia," Kanae alijibu. "Kwa njia yake."

Akarudi kwa miguu mpaka saluni, mtaa wa Tengachaya. Alifuta namba ya Shuhei kwenye simu. Vile vichekesho vyote alivitia kwenye mfuko wa takataka, siku ya takataka zisizoungua, kwa utaratibu wake. Ile tupu ilibaki mkobani, maana diski tupu bado ni diski, na mtu wa kwao hatupi kitu kizima. Majira ya baridi yalipita akinyoa, akifagia nywele, akilala. Wateja walisema amekonda. Hakukatiza tena mzaha wa mtu yeyote. Mteja angetoa upuuzi wake, angengoja, na Kanae angesema "ndiyo" tu, na mtu angebaki ananing'inia pale kitini. Alikuwa akijiuliza jambo moja tu, kwamba mtu unaweza kumpenda mwaka mzima na asiwe na hata neno moja la kukuambia, basi wewe una kasoro gani?

Mwezi wa nane alikwenda Wakayama, siku zile marehemu wanaporudi kutembelea nyumba zao. Joto la kuua, nyenje wanapiga kelele hadi ukuta unatetemeka. Mama alikuwa anahaha kati ya madhabahu na televisheni.

"Balaa, mwanangu! Mtawa anakuja kumsomea baba yako sala saa ile ile vijana wetu wanacheza! Na diski zimeniishia. Huna diski wewe?"

"Ninayo moja mkobani. Haina kitu."

Alipiga magoti mbele ya deki, ile yenye vitufe vikubwa, akaiweka. Alikuwa ameshapeleka kidole kwenye kitufe chekundu cha kurekodi pale kioo kilipobadilika.

Shuhei alitokea, ameketi sakafuni kwake, shati jeupe. Alikohoa.

"Halo, duka la Tokunaga hapa," alisema, kisha akafunga macho. "Hapana. Hapana. Naanza tena. Kanae. Nimeifuta hii nikarudia mpaka mashine imenichoka. Sikiliza. Kule Toyama wana duka na wana binti, hawana mtoto wa kiume. Wanataka mkwe aingie kwao na achukue jina lao. Shangazi amewakubalia kwa niaba yangu. Mimi sitaki. Nakutaka wewe. Nikikuona unanitazama natoa upuuzi, kwa sababu naogopa utasema hapana, na mtu akiwa anacheka hawezi kusema hapana. Ndiyo maana. Nakuomba nikuoe, Kanae. Jumapili nitakuwa kituoni kwenye treni ya mchana ya Toyama. Ukija, siendi popote. Usipokuja nitajua, na usijisumbue kunipigia kunieleza, maana nitakubembeleza kwa mizaha na sitaki tena kukuchosha. Nitapanda tu. Basi. Ndiyo yote niliyo nayo."

Akasogea kuzima kamera, uso wake ukajaa kioo kizima, macho mekundu. Kisha giza.

"Mbona huyo mtu anakutaja jina?" mama aliuliza mlangoni, ubani mkononi.

Kanae alikuwa ameshika deki kwa mikono miwili.

Mzee Tokunaga alipopokea simu hakuuliza maswali, alimpa namba. "Ila usimwite Iwatani," alisema polepole. "Siku hizi ni Kitabatake. Alichukua jina lao mwezi wa tano, siku ya harusi."

Ilikuwa imekwisha, basi. Angeweza kuweka simu chini. Lakini Shuhei alikuwa mahali fulani duniani akiamini kwamba alimwomba mwanamke akanyamaziwa kama mbwa, na hilo Kanae hakuweza kulibeba. Akapiga.

"Duka la umeme la Kitabatake, karibu."

Sauti ile ile. Kanae alisahau maneno yote isipokuwa ya mteja.

"Nina tatizo na diski."

Nyuma ya Shuhei feni ilikuwa inazunguka, na watu wanaongea.

"Tatizo gani, mama?" Shuhei aliuliza hatimaye. Alimwita mama, kama mteja yeyote. Alikuwa hayuko peke yake.

"Nilipewa mwezi wa kumi na moja. Nikaiweka kwenye deki, ikaniambia tupu. Nikaifuta, nikasafisha lenzi, nikachomoa umeme. Nikajaribu deki nyingine, tupu. Nikadhani ni mzaha. Nikangoja aliyenipa apige."

Shuhei alisikika akivuta kiti.

"Leo nimeiweka kwenye deki ya mama yangu. Imecheza. Leo, Shuhei. Nimeiona leo."

"Deki uliyotumia kwanza," alisema, na kila neno alilitoa kama anabeba jiwe, "haikuwa ile uliyochaguliwa dukani?"

"Ile ndiyo ya mama. Nilimpa. Nilipenda ulivyoichagua, nikaogopa kukuambia."

"Kumbe." Alipumua. "Diski ya kurekodi nyumbani, mama, ukimaliza lazima uifunge. Kuna kitufe chake. Usipoifunga, inasomeka kwenye deki iliyoirekodi na pacha wake tu. Nyingine zinaiona tupu. Kila mteja namwambia hivyo. Zile za nyuma zote nilizifunga."

"Na hii?"

"Ukifunga, huwezi kubadilisha neno. Na aliyeirekodi alikuwa bado anataka kubadilisha, mpaka mlangoni pa saluni. Akajisemea, si ana pacha, itasoma tu."

Kanae alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilitoka pamoja na machozi, na upande wa pili alisikia Shuhei naye ameanza kisha amekizima haraka.

"Ningekuja," alisema. "Unanisikia? Ningekuja nimevaa aproni. Ningekuja na wembe mkononi."

"Nimesikia."

"Uliningoja?"

"Ndiyo, mama. Mpaka kengele."

Sauti ya mwanamke ikaita kwa upole nyuma yake, chai inapoa, ni nani huyo kwenye simu. Shuhei aliziba simu kwa mkono, lakini Kanae alisikia. "Mteja wa zamani, wa Osaka. Nakuja." Hakukuwa na ubaya katika sauti ya yule mwanamke. Kanae alitamani ubaya uwepo.

"Anakutendea vizuri?"

"Sana," alisema Shuhei. Halafu, chini kabisa, "Ndiyo shida yenyewe."

Nje mtawa alikuwa ameshafika, mama anamkaribisha kwa sauti ya juu kupita kawaida.

"Basi niifanyeje, hii diski? Niambie wewe, fundi ni wewe."

"Ya aina hiyo inafutika." Shuhei alirudia sauti yake ya dukani. "Bonyeza kufuta, ngoja kidogo, inakuwa mpya. Unaweza kurekodia kitu kingine chochote."

"Hilo ndilo unalonishauri?"

Feni ilizunguka. Mwanamke aliita tena.

"Asante sana kwa kutupigia," alisema Shuhei.

Kila mwenye duka, Osaka hata Toyama, hapo humalizia kwa "karibu tena". Kanae alibana simu sikioni akalingoja neno hilo, naye alimsikia Shuhei akivuta pumzi kulisema. Hakulisema. Simu ikakatika.